Usiipe pua kazi isiyo yake

Kazi yangu ni kutafsiri, na neno lililowahi kuniaibisha kuliko yote lina herufi tatu tu: pua.

Nilikuwa bado mchanga kazini nilipoletewa hadithi ya Kiingereza. Mhusika kauziwa kitu kwa bei ya kuumiza, na Waingereza mtu akifikwa na hayo husema amelipa kupitia pua. Nami nikaandika hivyohivyo: "Alilipa kupitia puani." Mhariri wangu, mama mtu mzima asiye na haraka, aliizungushia sentensi kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Alipenga noti?"

Kilichoniuma ni kwamba Kiswahili nacho kina pua ya majuto. Anayefaidi cha watu huonywa kwamba kitamtokea puani. Kama umewahi kupaliwa ukinywa maji huku unacheka, picha hiyo unaijua: kilichoshuka vizuri kinarudi kwa njia isiyo yake, na kinachoma. Lakini hiyo ni pua ya raha iliyogeuka adhabu. Ya ughali haimo. Ningeandika "alilanguliwa" ningemaliza.

Tangu siku hiyo, nikikuta pua katika lugha ngeni najiuliza kwanza: kwetu kazi hii inafanywa na nani? Fanya hivyo nawe. Anayejitia katika yasiyomhusu ana kimbelembele. Anayetega sikio ni mdukizi. "Kuingiza pua" kumeshazoeleka na sigombani nako, ila nikiwa na hiari nachukua kimbelembele, maana namwona mtu mwenyewe akitangulia. Dharau yetu iko mdomoni: mtu hubetua midomo, hufyonya. Pua tunaikunja kwa uvundo. Na wizi wa waziwazi hutendeka mbele ya macho.

Zipo kazi ambazo pua inazifanya vizuri, usiinyime. Marafiki wasioachana ni pua na mdomo. Aliyeahidiwa fedha asizipate, hata kuzinusa hakuzinusa. Chuma cha pua nacho kisikusumbue. Pua hiyo ni neno jingine, maana yake chuma kigumu, hata kama mwanafunzi wangu mmoja alitaka kujua sufuria inapumulia wapi.

Penye mtego hasa ni kwenye sauti. Waandishi wengi huandika kwamba mhusika mwenye mafua "anaongea kwa king'ong'o", nami nilifanya hivyo miaka. Jaribu hili: bana pua kwa vidole viwili useme "mama". Itatoka kitu kama "baba". Sema "nane", utasikia "dade". Sauti za m, n, ny na ng' hupitisha pumzi puani. Ukiziba, m inaangukia kwenye b na n kwenye d. King'ong'o ni kinyume chake, pumzi kupita puani hata isipotakiwa. Mwenye mafua mazito amenyimwa njia hiyo, hajazidishiwa. (Na yule anayesemwa "anabana pua" akizungumza Kiingereza, hajabana chochote. Anaringa tu.)

Kwa hiyo mhusika wangu wa mwisho aliyeshikwa na mafua sikumpa king'ong'o. Nilimweka mezani, macho yanamlenga machozi, leso imelowa, mama yake anamsukumia sahani kwa mara ya tatu, naye anasema: "Baba, dibeshiba." Mama anageuka kumtafuta baba.

Mhariri ni yuleyule. Safari hii pembeni aliandika, kwa kalamu nyekundu ileile: "Chai imenitokea puani."