Kumfanya Knight apige hatua: anza na nyonga, mikono baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Knight wako, ile modeli ya plastiki ya roboti mkubwa wa vita, bado anaonekana kama yuko kwenye gwaride hata baada ya kumwinua mkono na kumgeuza kichwa, na kama anaweza kupiga hatua bila kuharibika. Anaweza. Mimi niko Nakuru, na nimeshawakata miguu kadhaa wa hao.

Imperial Knight wa Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya modeli za mchezo wa Warhammer, aliyetoka 2014, miguu yake ilitengenezewa msimamo mmoja tu. Kiuno kinazunguka, mikono inageuka, miguu haina habari. Sasa mkono haubebi uzito, kwa hiyo hata umwinulie upanga namna gani, jicho linaona mtu aliyesimama. Mwangalie yeyote anayekimbilia matatu: mguu wa nyuma umenyooka, nyonga ya upande huo imebaki nyuma, bega la upande huohuo limekuja mbele, na kisigino kimeondoka chini. Mpe Knight hayo manne, silaha utaamua ukipenda.

Usigandishe chochote kwanza. Shikiza viungo vyote kwa Blu Tack, ile gundi laini inayobanduka, mweke mezani, rudi nyuma hatua kadhaa umtazame. Kisha ning'iniza uzi wenye nati mbele ya kifua. Uzi ukiangukia juu ya wayo uliokanyaga, amesimama; ukiangukia mbele yake, anaenda.

Kukata, tumia msumeno wenye meno madogo, na ukate kishikio kilicho ndani ya goti na kifundo. Bamba la deraya usiliguse. Chuma hakikunjwi, kinachokunjwa ni nafasi kati ya mabamba, na ukilikata bamba mtazamaji atajua hata kama hawezi kueleza. Toboa pande zote mbili kwa drili ya mkono, upitishe waya wa shaba. Wa taa za nyumba, wa milimita za mraba 1.5, wa uzi mmoja, una unene wa karibu milimita 1.4, na hadiwea watakukatia mita moja. Gundi ya plastiki inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, lakini waya haiushiki. Hapo weka supa gluu.

Wengi wanaharibia kwenye pistoni za miguu. Pembe ya kiungo ikibadilika, pistoni inaingia au inatoka, na watu hukata popote ili itoshe. Silinda haibadiliki urefu hata siku moja! Kinachosogea ni kile kifimbo chembamba kinachotoka ndani yake. Basi kata kifimbo peke yake, toboa mdomo wa silinda, weka ule waya wa shaba kwa urefu unaotakiwa. Ukipaka rangi ya fedha hakuna atakayejua. Mimi hata sipaki, naung'arisha tu kwa msasa laini.

Mapengo jaza kwa pati ya sehemu mbili, ile ya bluu na njano, ukilowesha kifaa chako maji isinate. Iache hadi kesho yake.

Chini ya wayo wa mbele mimi huweka jiwe jepesi la volkano, huku upande wa Menengai yamejaa. Yanakatika kwa msumeno uleule.

Na yule aliyekushauri utie vipande maji moto ili vikunjike: hiyo ni ya modeli za rezini, zinazomiminwa kwenye kalibu. Plastiki hii ngumu haitakusikia. Rezini nayo ukiipiga msasa, ilowanishe, vumbi lake si la kuvuta.

Mabamba ya mabega na mgongo yagandishe mwisho, baada ya kupaka rangi ndani. Ukishayafunga, brashi haifiki.