Njoo na Stakabadhi ya Kwenu

Kila Juni wanafunzi wa mwaka wa tatu hunijia ofisini kuniuliza wafanyeje ili wawe wahadhiri wa uchumi wa kisiasa. Huwa naanza kwa kuwaeleza miaka miwili niliyoipoteza.

Andiko langu la kwanza la udaktari lilihusu dola, yaani serikali na vyombo vyake, na maendeleo ya Afrika. Bara zima! Nilizijua nadharia kwa majina, nikaamini huo ndio usomi. Jopo likanirudishia mara mbili. Ndipo msimamizi wangu akaniuliza, "Wewe si wa Newala? Bei ya korosho inapangwa na nani?" Sikuwa na jibu, na baba yangu amelima korosho maisha yake yote.

Nikaenda kukaa msimu mzima kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, nikiutazama mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapima mzigo wake, anapewa stakabadhi, wanunuzi wanaleta zabuni, bei inasomwa mnadani, wakulima wanaikubali au wanaikataa. Kisha yanakuja makato, na hayo nayo yana wenyewe. Nikakutana pia na kangomba, mlanguzi anayenunua korosho za mkulima nje ya mnada. Kwa nadharia zangu, anayemuuzia kangomba kwa bei ya kutupa ni mtu asiyejua thamani ya mali yake. Mama niliyezungumza naye aliijua bei ya mnada kuliko mimi. Ila mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na fedha za mnada zilikuwa bado wiki kadhaa. Nani anaweza kusubiri, nani hawezi, na nani anafaidika na huyo asiyeweza: tasnifu yangu yote ilitoka hapo. Hata Novemba 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliagiza jeshi kuzisomba, nilijua pa kwenda kuuliza: ghalani, kwa karani wa mizani.

Wengi huogopa hesabu. Elinor Ostrom, Mmarekani, alikataliwa udaktari wa uchumi kwa sababu hakuwa na msingi wa kutosha wa hesabu. Akaenda sayansi ya siasa huko huko UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaandika tasnifu kuhusu maji ya ardhini ya kusini mwa California, akahitimu 1965. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi. Ninakipenda kisa hicho, lakini kisikupe ruhusa ya kukimbia hesabu. Mimi nilijifunza takwimu nikiwa na miaka 36, nimekaa darasa moja na vijana wa shahada ya kwanza. Jifunze sasa, uweze kuisoma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, bila kusubiri magazeti yakufafanulie.

Ukishapata udaktari, kazi za ushauri elekezi zitakuja, na zinalipa vizuri kuliko mshahara. Nilizifanya miaka minne mfululizo. Ada za watoto zililipwa, lakini makala za kunipandisha kutoka mhadhiri kuwa mhadhiri mwandamizi hazikuwepo, maana ripoti zile zilikuwa mali ya aliyelipa. Siku hizi asubuhi za Jumanne na Alhamisi ni za kuandika tu, simu imezimwa.

Kwa hiyo Juni hii, ukija, njoo na stakabadhi moja ya mauzo kutoka kwenu, iwe ya kahawa, pamba au tumbaku, tuisome mstari kwa mstari. Ya baba yangu bado ninayo kwenye droo.