Moyo nimeusoma mara mbili

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Anayetaka kuwa nesi aliyesajiliwa huko Marekani, aanze na LPN au aende moja kwa moja kusomea RN?" Jibu langu fupi: ningeanza tena na LPN, ila nisingekaa huko miaka sita. Jibu refu ndilo hili.

Kwa msomaji asiyeishi huku, LPN ni nesi wa vitendo mwenye leseni. Texas na California humwita LVN, kazi ni ile ile. Masomo yake huchukua kama mwaka mmoja, kisha mtihani wa kitaifa uitwao NCLEX-PN. RN ndiye nesi aliyesajiliwa. Yeye husoma miaka miwili au minne na mtihani wake ni NCLEX-RN. Chini yao yuko CNA, msaidizi wa nesi, ambaye sheria ya serikali kuu inataka apate mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache. Wakenya wengi wa Brooklyn Park hapa Minnesota tumeanzia hapo. Unashuka ndege, theluji hujaizoea bado, na tayari uko nyumba ya wazee usiku wa manane unamgeuza mzee wa watu kitandani asipate vidonda vya kulalia.

Habari hii si ngeni nyumbani. Marehemu shangazi yangu alikuwa nesi wa cheti katika zahanati moja ya Taita. Aliwazalisha wanawake wa kijiji hadi akaanza kuzalisha mabinti wa wale aliowazalisha, na bado kila mkutano wa wilaya aliambiwa akajiendeleze.

Mimi nilikuja mwaka 2014 kwa viza ya bahati nasibu. Nyuma nilimwacha mama na wadogo zangu wawili, wote shuleni. Kama ningeketi darasani miaka minne, karo yao angelipa nani? Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na siionei haya. Mwaka 2015 nikawa CNA, 2017 nikapata leseni ya LPN, na mwezi uliofuata mama akaacha kuniambia "tutajaribu" kila nikimuuliza habari za karo.

Lakini pesa si sababu yangu kubwa. Sababu kubwa ni mkokoteni wa dawa.

Saa mbili asubuhi, wazee 28, nesi mmoja. Dawa ya saa mbili isitolewe kabla ya saa moja wala baada ya saa tatu. Huyu vidonge vyake husagwa na kuchanganywa na rojo la tufaha kwa sababu kumeza kunamshinda. Yule wa pili kidonge chake hakisagwi hata kidogo, kimetengenezwa kiyeyuke polepole tumboni. Ukikisaga umempa dozi ya kutwa nzima kwa mkupuo. Wa tatu anameza metoprolol, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo unamshika kwanza mkono uhesabu mapigo, na yakiwa chini ya 60 alivyoagiza daktari, kidonge kinarudi mkokotenini na simu inapigwa. Wa nne anataka kukuhadithia habari za meli aliyofanya kazi zamani, na usipomsikiliza hamezi. Katikati ya hayo kengele inalia chumba cha mwisho. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia garini kabla ya kuwasha injini. Mwaka wa pili nilimjua mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka kwa kuangalia jasho la juu ya mdomo, kabla sijamchoma kidole. Sijaona darasa linalofundisha hilo, na nilipofika masomo ya RN wenzangu waliotoka moja kwa moja sekondari walikuwa wanatetemeka kumgusa mtu.

Sasa upande wa pili. Asubuhi moja ya Februari bibi mmoja, ambaye hakuna siku aliyokosa kunikaripia kwamba kahawa imepoa, hakunikaripia. Alikunywa tu, akaangalia dirishani. Nikampima presha, joto, oksijeni: zote nzuri. Nikamvua soksi, nikakuta zimechimba mfereji kwenye kifundo cha mguu. Nikaangalia uzito, kaongezeka karibu kilo mbili kwa siku tatu. Nilijua ninachokiona. Ila LPN hukusanya habari. Kuzitathmini na kubadilisha mpango wa uuguzi ni kazi ya RN. Naye RN wa zamu alikuwa mmoja jengo zima, wakati ule yuko ghorofa ya tatu na mzee aliyeanguka. Nikampigia. "Namba zikoje?" Nzuri. "Basi nakuja." Alifika baada ya saa moja na nusu, na jioni bibi akapelekwa hospitali, moyo umeshindwa kusukuma na mapafu yanajaa maji. Alirudi wiki iliyofuata na kahawa ikaanza kupoa upya, alhamdulillahi.

Simlaumu yule RN, mtu mmoja hawezi kuwa ghorofa mbili. Kilichonikera ni maneno niliyoandika kwenye faili: "RN amejulishwa." Miaka sita niliyaandika maneno yale. Siku hizi wanaoyaandika ni wengine na RN anayejulishwa ni mimi, na nikiambiwa namba ni nzuri huuliza kwanza kama mgonjwa amelalamika leo.

Mtauliza kwa nini miaka sita, na daraja la kutoka LPN hadi RN mtu hulivuka kwa mwaka mmoja na nusu au miwili. Nina majibu mawili, na moja ni aibu yangu mwenyewe.

La aibu ni dabo. Ukiwa LPN hapa kazi haikosekani. Simu inalia Jumamosi wakikuomba uunganishe zamu mbili, na malipo ya saa za ziada ni matamu. Nikanunua gari, nikaanza msingi wa nyumba Voi, nikawa mchangiaji wa kutegemewa kwenye kila harambee ya kanisa. Kila Agosti nilisema Januari, kila Januari nikasema Agosti. Takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2023 ziliweka mshahara wa kati wa LPN dola 59,730 kwa mwaka na wa RN dola 86,070. Toeni wenyewe mwone dabo zangu zilikuwa zinanigharimu nini.

Jibu la pili ni chuo. Nilisomea LPN chuo binafsi, sitakitaja, kwa sababu kilikuwa na masomo ya usiku na hakikuwa na foleni ya kusubiri nafasi. Hakuna aliyenidanganya waziwazi. Ila hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba krediti zake, yaani hesabu ya masomo niliyokwisha kufaulu, vyuo vya umma havitazipokea. Mwaka 2020 nilipokwenda kuomba nafasi ya RN nikaambiwa nianze anatomia na fiziolojia upya. Vyumba vinne vya moyo vile vile, vali nne zile zile, karo mara mbili. Mwenzangu wa zamu aliyepitia chuo cha umma, tena kwa ada ndogo kuliko yangu, alirukishwa karibu mwaka mzima.

Mtihani nao una vituko vyake. Mara zote mbili, 2017 na 2023, kompyuta yangu ilizima kwenye swali la 85, na hiyo ndiyo idadi ya chini kabisa ya maswali ambayo mtihani unaweza kukatikia. Ikizima hapo umefaulu vizuri au umeanguka vibaya, na utakaa siku mbili hujui ni lipi. Uzoefu wa LPN ulinisaidia kwenye dawa, ukanitia hasara kwenye maswali ya "ufanye nini kwanza". Hospitali ya kwenye mtihani ina manesi wa kutosha, daktari anapokea simu, na mgonjwa ni mmoja tu. Ilibidi nisahau kazini kwangu ndipo nifaulu.

Kwa hiyo kuna watu ambao nisingewapeleka LPN. Kijana anayekaa kwa wazazi na karo yake ina mwenyewe, aende RN moja kwa moja. Anayeota wodi za hospitali kubwa pia, maana nafasi nyingi za LPN ziko nyumba za wazee na zahanati, hospitali hutaka RN na nyingine hutaka shahada kabisa. Na wewe uliyekwisha kuwa nesi wa stashahada Kenya au Tanzania, tafadhali usikubali kuambiwa kanisani kwamba lazima uanze upya kwa LPN. Peleka kwanza vyeti vyako vikatathminiwe na TruMerit (zamani CGFNS), shirika linalokagua vyeti vya manesi waliosomea nje ya Marekani, ujue kama unaweza kuukalia mtihani wa RN moja kwa moja. Nimemwona mama mwenye miaka 15 ya leba akifundishwa kutandika kitanda na msichana wa miaka 19.

Binti wa kaka yangu amefika mwezi wa nne na ana CNA yake tayari. Jumapili aliniuliza, "Shangazi, nijiandikishe wapi?" Nikamwambia kabla hajatoa senti aende ofisi ya usajili ya chuo anachokitaka, aulize ni vyuo gani vya RN vinavyopokea krediti zao, na apewe jibu kwa maandishi. Alikwenda Jumatatu. Karani akamwambia mhusika hayupo, atapigiwa. Leo ni Ijumaa.