Mji ukiwa na timu zinazopigwa kila msimu, shabiki abaki vipi?

Swali la mwenzetu lilikuwa hili: timu zote za mji wake zinafungwa mwaka baada ya mwaka, hataki kuhamia kwingine, ila ikifika katikati ya msimu anaogopa hata kutazama matokeo. Afanyeje?

Aanze kwa kujua timu inafungwa kwa sababu gani. Kuna timu inayojengwa na kuna timu iliyotelekezwa, na kwenye msimamo wa ligi zote mbili ziko mkiani. Chukua kikosi uangalie umri wa wanaopewa dakika nyingi, miaka iliyobaki kwenye mikataba yao, na kocha ana muda gani kazini. Ukikuta vijana wa miaka 20 hadi 23 wanacheza kila wiki, wamefungwa na mikataba mirefu, na kocha yuko msimu wa tatu, basi kuna kazi inafanyika, vumilia. Ukikuta wakongwe wa mkataba wa mwaka mmoja na kocha anayebadilishwa kila msimu, tatizo liko juu kwa mmiliki. Usiwamalizie hasira wachezaji.

Kisha hesabu vipigo vya karibu, yaani vya tofauti ndogo: soka bao 1, kikapu pointi 5 kushuka chini, futiboli ya Kimarekani pointi 8 kushuka chini, maana 8 ndizo nyingi zaidi zinazopatikana kwa shambulizi moja. Timu iliyopoteza mechi nyingi za aina hiyo mara nyingi hupanda msimu unaofuata bila mabadiliko makubwa. Inayofungwa mabao 4 kila wiki shida yake ni kikosi, na kikosi hakirekebishwi kwa dirisha moja la usajili.

Ligi kubwa za Marekani hazina kushuka daraja, na timu dhaifu hupewa nafasi za mbele kuchagua vijana wapya. Ndiyo maana wengine huanza kuombea timu yao ifungwe. Usifike huko. Kwenye NBA, ligi ya kikapu ya huko, nafasi hizo za mbele hutolewa kwa bahati nasibu: tangu 2019 timu 3 za mwisho zimekuwa na asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Zamani ya mwisho kabisa ilikuwa na 25. Unaweza kuumia msimu mzima ukaambulia chaguo la tano. Isitoshe, ukizoea kufurahia vipigo, siku timu ikishinda hujui ushike lipi.

Mfano ninaopenda kuutoa ni mji wa Cleveland, Marekani. Browns, timu yao ya futiboli ya Kimarekani, walimaliza 2016 na ushindi 1 katika mechi 16, na 2017 hawakushinda hata moja. Januari 2018 mashabiki walitoka kwenye baridi kali, wakauzunguka uwanja kwa maandamano yaliyochora sifuri, na michango ikaenda kwa benki ya chakula ya eneo hilo. Itazame picha ile vizuri: timu haikuwapa kitu cha kushangilia, wakatafuta wenyewe kitu cha kufanya pamoja. Septemba 2018 wakawafunga Jets wa New York 21-17, ushindi wa kwanza baada ya mechi 19. Upande wa kikapu, Cavaliers walikuwa wamepoteza mechi 26 mfululizo msimu wa 2010-11, na mwaka 2016 wakawa mabingwa baada ya kuwa nyuma 3-1 kwenye fainali. Mji haukuwa umeona ubingwa wa timu zake kubwa tangu 1964. Lakini besiboli yao haijatwaa ubingwa tangu 1948. Kungoja hakuna tarehe, ndiyo maana lazima upate kitu cha kutazama leo.

Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaendelea kutazama mpira tu hata mechi ikishakufa. Mkiwa nyuma kwa 3-0, chagua kijana mmoja, tuseme beki wa kushoto, umfuate dakika 15 bila kuangalia mpira. Je, anageuza shingo kutazama nyuma yake kabla ya kupokea pasi? Mguso wake wa kwanza wa mpira unamtoa kwenye presha ya wapinzani au unamrudisha humo? Akikosea, anakimbia kurudi au anainua mikono? Rudia baada ya miezi miwili. Maendeleo ya mchezaji yanaonekana hapo mapema kuliko kwenye matokeo. Ila usimfungie moyo wako huyo mmoja tu, kwa sababu timu dhaifu huuza walio bora.

Mengine kwa ufupi. Usibeti timu yako. Usichukue timu ya pili kwenye ligi hiyohiyo. Ukitaka kupumua, fuatilia ligi nyingine. Tiketi ya msimu mgawane watu wanne, kila mmoja na mechi zake, kuliko kujilazimisha zote hadi uchukie uwanja. Kumgomea mmiliki siyo kuikimbia timu: acha kununua jezi mpya, vaa ya zamani, nenda kwenye mechi za vijana na za wanawake, ambako sauti yako inasikika hadi kwenye benchi.

Na ukimpeleka mtoto mara ya kwanza, chagua mpinzani mliye naye pamoja mkiani, siyo kinara wa ligi. Kaeni karibu na kona, amwone mpigaji akiuweka mpira chini. Akichoka kabla ya filimbi, ondokeni. Mechi nyingine ipo.