Msomaji Auliza: Bando Linaisha Kabla ya Muvi

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga, Kigoma. Baba watoto ni mvuvi wa dagaa, mbalamwezi ikiwa kali hawaendi ziwani kwa hiyo siku hizo ndio tunakaa wote sebuleni kuangalia muvi. Tumenunua TV smati, tunawasha hotispoti ya simu yake tunaingia Netflix. Shida ni kwamba picha inaganda, kile kiduara kinazunguka weee, halafu bando la GB 10 muvi mbili haziishi limekata. Fundi mmoja kasema TV ni mbovu tuirudishe. Ni kweli?

JIBU: Mama yangu pole, na hiyo TV usiirudishe popote kabla hujajaribu haya. Kwa ulivyoeleza inafanya vile ilivyotengenezwa, yaani ikikuta intaneti inapita inajichukulia picha kali kadiri inavyoweza, na picha kali ndiyo inakula bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kufika GB 3 kwa saa moja, 4K, ile kali kuliko zote, ni GB 7. Sasa muvi ya saa mbili kwa HD ni kama GB 6, hapo muvi ya pili utaifikishaje mwisho na GB 10?

Cha kufanya, ingia kwenye akaunti yako ya Netflix kwa kutumia brauza ya simu, sio kwenye TV maana kule hutaiona hiyo setingi. Chagua wasifu mnaotumia, tafuta setingi za uchezaji wa video, utakuta imeachwa ijiamulie yenyewe. Weka ya kati. Hiyo inakula kama GB 0.7 kwa saa, kwa hiyo muvi ya saa mbili ni GB 1.4 na bando lenu lile lile litawapa muvi saba hivi. Kama watoto wana wasifu wao nao ubadilishe kwa sababu kila wasifu una setingi yake, wengi wanasahau hapa halafu wanalaumu mtandao. Hapo hapo zima na ile ya kuanzisha episodi inayofuata yenyewe, watoto wakisinzia TV inaendelea kula bando hakuna anayeangalia. Ukimaliza toka kwenye akaunti pale kwenye TV uingie upya. Picha haitakuwa kali kama ya HD lakini ukikaa kwenye kochi sura za watu unaziona vizuri tu. YouTube yenyewe unabadilisha kwenye alama ya gia wakati video inacheza, weka 480.

Kuganda sasa. Simu yenye hotispoti mnaiweka wapi? Nyumba nyingi simu inakuwa chumbani kwenye chaji, ukuta wa tofali katikati, na simu inachemka. Simu ikichemka sana inajipunguza nguvu yenyewe. Ilete sebuleni karibu na TV, itoe kava, isilale juu ya kitambaa. Halafu fungua fast.com kwenye hiyo simu saa zile zile mnazoangalia, itakupa namba ya kasi ya intaneti. HD ya kawaida inataka megabiti 3 kwa sekunde, ile HD kamili 5. Ukiona megabiti 2 usiku na megabiti 9 saa nane mchana, ujue watu wengi wamerudi nyumbani wanagawana mnara mmoja na nyie, hapo hata ukinunua TV ya milioni tatu itaganda vile vile. Na kwenye setingi za TV zima masasisho ya kujishusha yenyewe, hayo nayo ni MB nyingi zinaondoka kimya kimya.

Kwa kweli linaniuma mtu kuambiwa arudishe kitu kizima kwa sababu ya setingi.

SWALI: Kaka mambo, niko Isevya, Tabora. TV yangu ni flati ya kawaida sio smati ila ina HDMI. Naweza kupata muvi za mtandaoni bila kununua nyingine?

JIBU: Poa mdogo wangu. Unaweza, nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, aina ya Chromecast au Fire TV Stick. Umeme wake chomeka ukutani na adapta yake, usitumie tundu la USB la TV, mengi yanatoa umeme mdogo na kifaa kitakuwa kinajizima na kuwaka katikati ya muvi. Ukikasti, yaani ukirusha muvi kwenye TV kutoka kwenye simu, kifaa kinavuta video chenyewe kutoka kwenye intaneti, simu inabaki kama rimoti tu, hata ukipigiwa unapokea na muvi inaendelea.