Maswali yenu kuhusu Nicodemus na Kaunti ya Graham

Tangu niandike kuhusu Nicodemus, ule mji wa Wamarekani Weusi waliotoka utumwani Kentucky wakaenda kuanza maisha kaskazini magharibi mwa Kansas mwaka 1877, maswali hayaishi. Najibu haya.

Ni karibu na Kansas City?

Hapana. Jamani fungueni ramani kwanza ndo muulize, hili nalijibu kila wiki. Kansas City ile kubwa iko jimbo la Missouri, na kutoka hapo mpaka Kaunti ya Graham, ilipo Nicodemus, ni zaidi ya kilomita 400 kwenda magharibi.

Kwa nini mji ulikufa, si wenyewe walishindwa kuuendesha?

Naomba tuache kabisa kurudia haya maneno. Watu kama 300 walishuka treni kwenye mji wa Ellis Septemba 1877, wakaenda kaskazini zaidi ya kilomita 50, wakafika hakuna nyumba, miti ya kujengea shida, wakachimba ardhi wakaezeka juu wakaishi humo na watoto. Willianna Hickman alipofika mwaka uliofuata akaonyeshwa Nicodemus ile pale, yeye anachoona ni moshi tu unatoka ardhini, akalia. Na bado haikupita miaka kumi pana makanisa, shule, hoteli, maduka na magazeti mawili! Kilichowamaliza ni reli. 1887 walipiga kura kuipa kampuni ya Missouri Pacific hati fungani za dola 16,000 ili njia ipite kwao, haikuja, na 1888 kampuni nyingine ya reli, Union Pacific, ikapitisha njia yake kusini ya mto Solomon, kilomita chache tu kutoka pale, pakaota kimji cha Bogue na wafanyabiashara wakahamia huko, wengine wakaburuza mpaka majengo. Sasa anayesema walishindwa aniambie wao wangefanya nini zaidi, mji wamejenga kwa mikono na pesa wametoa, ila wa kuamua treni isimame wapi alikuwa mtu mwingine.

Hao ndo Exodusters?

Wale wa Nicodemus walitangulia. Wimbi kubwa la Exodusters, yaani Weusi waliohama Kusini kwenda Kansas, ni 1879.

Ardhi ilikuwa haina mwenyewe?

Ilikuwa na wenyewe. Wapawnee, Wacheyenne na wengine waliwinda nyati huko miaka mingi kabla serikali haijaanza kugawa ekari 160 160 kwa sheria ya 1862. Tena baridi ya kwanza, chakula kimeisha, waliowaokoa watu wa Nicodemus ni wawindaji wa Kiosage waliowagawia nyama. Mkisimulia habari ya mji huu msiruke hapo.

Ni kweli kuna Mweusi alipata cheo kikubwa kutoka huko?

Edward McCabe. 1880 gavana alimteua karani wa muda wa kaunti, 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, akashinda tena 1884. Wapigakura wengi wa Kansas walikuwa wazungu, kwa hiyo halikuwa jambo dogo, na inaniuma jina lake halitajwi shuleni.

Nimeona shamba la bei rahisi huko mtandaoni, ninunue?

Usinunue kwa picha. Longitudo ya 100 magharibi inakata ndani ya kaunti hiyo hiyo, na toka zamani huo mstari unahesabiwa ndo mwisho wa mvua ya kutegemea. Mvua ni kama milimita 500 na kitu kwa mwaka, mwaka mbaya hazifiki, ndo maana wanalima ngano na mtama. Na wewe uliyeandika utachimba kisima tu, maji ya Ogallala, ile hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi, yanashuka na haki ya kuyatumia kwa kilimo ina kibali chake, uliza hilo kabla hujatuma hata senti.

Sherehe yao ya Julai ndo Juneteenth?

Sio, Juneteenth ni ile ya 19 Juni ya kukumbuka mwisho wa utumwa Marekani. Hii yao ilianza kama kumbukumbu ya 1 Agosti, siku watumwa wa visiwa vya Karibiani chini ya Uingereza walipoachwa huru 1834. Siku hizi inafanyika wikiendi ya mwisho ya Julai na wajukuu wanarudi toka kila kona ya Marekani. Wakazi wenyewe hawafiki 30 kwa hiyo usitegemee duka wala petroli pale, jaza kabisa Hill City, mji wa jirani.