Oksijeni 98 lakini damu 7, inakuwaje? Maswali yenu wiki hii

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya miezi saba. Kliniki wamenipima wakaniambia HB ni 7.2, damu imepungua sana, nikapewa vidonge. Ila siku hiyohiyo nesi alinibana kile kidude cha kidoleni kikasoma oksijeni 98. Mume wangu anasema kama oksijeni iko 98 basi damu iko poa, niache kumeza madawa. Mi nikipanda ngazi tu naishiwa pumzi, moyo unadunda hatari. Nani mkweli? (Mama K, Mbagala)

JIBU: Marahaba mama, na hongera. Namba zote mbili ni za kweli, shemeji yetu amechukua jibu la swali moja akalibandika kwenye swali lingine, na hili watu wengi wanachanganya sana tangu enzi za korona ambapo kila mtu alijua kidude cha kidoleni.

Kile kipimo, wazo lake lilitoka kwa mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, kinapitisha mwanga kwenye kidole na kuangalia rangi ya damu, maana damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa na iliyoshusha mzigo wake imekoza kwa weusi. Sasa kinachobeba oksijeni ndani ya damu ni himoglobini, ndo hiyo HB. Ichukulie kama teksi yenye siti nne. Kipimo kikisoma 98 kinakwambia siti karibu zote zimejaa, basi, hakikwambii teksi ziko ngapi barabarani! Anayehesabu teksi ni maabara, na wewe zako ni chache.

Hesabu yenyewe iko hivi. Gramu moja ya himoglobini inabeba kama mililita 1.34 za oksijeni. Mama mwenye HB 12, yaani gramu 12 za himoglobini kwenye kila mililita 100 za damu, anakuwa na karibu mililita 16 za oksijeni humo, wewe wa 7.2 una kama 9 na nusu, na wote wawili kidoleni mnasoma 98. Mapafu yako hayana shida kabisa. Shida ni usafirishaji.

Moyo ukiona mzigo unaofika ni mdogo unaongeza mizunguko, ndo huko kudunda. Kwa kawaida mtu aliyepumzika moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, mimba peke yake inaongeza hapo theluthi moja au zaidi, sasa weka na upungufu wa damu juu yake halafu mtu anashangaa ngazi zinakushinda. Na siku ya kujifungua damu itatoka hata mambo yakienda vizuri, aliyeanza na 7 hana akiba ya kupoteza, hapo ndo penye hofu ya manesi wako.

Kwahiyo meza vidonge. Usimeze na chai, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, subiri kama masaa mawili, ukipata chungwa meza nalo. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Juisi ya rozela na bitiruti kunywa ukipenda ila haziwezi kushika nafasi ya dawa, jamani tusidanganyane. Waulize pia kama wamekupima malaria na minyoo ya safura maana hao wanakunywa damu huku wewe unaongeza. Dawa zikifanya kazi HB inapanda kama gramu 1 hadi 2 kwa wiki tatu nne, na muda wako sio mwingi, kwahiyo rudi tarehe uliyopangiwa bila kukosa. Ukianza kukosa pumzi hata umekaa, kuzimia au kifua kuuma, usisubiri tarehe, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na mwambie shemeji aje kliniki mara moja ajionee.

SWALI: Dokta habari. Kipindi cha baridi tunaingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Juzi wote tuliamka vichwa vinagonga na mtoto anatapika. Kituo cha afya oksijeni ilisoma 99 tukarudishwa nyumbani. (Baba J, Njombe)

JIBU: Baba J, leo hiihii jiko litoke nje. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Na kipimo cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kutofautisha, kinaona damu nyekundu kinasema 99, kumbe nusu ya siti zimekaliwa na mwizi. Aliyelala hata haamki. Ikitokea tena toeni watu wote nje kwenye hewa kwanza, halafu hospitali, na mtaje jiko kabla hata hamjaulizwa, maana tiba yake ni kupewa oksijeni kwa maski hata kama namba inapendeza.

SWALI: Eti ukipanda Kilimanjaro damu inaongezeka? (Dogo wa Moshi)

JIBU: Inaongezeka ila sio kwa haraka unayofikiria. Kule mita 5,895 hewa bado ina oksijeni asilimia 21 kama Tanga tu, ila mgandamizo wake umeshuka karibu nusu, kwahiyo kila pumzi inaingiza kidogo na hapo kipimo cha kidoleni kinashuka kwelikweli. Figo zikihisi hivo zinatoa homoni ya kuamsha uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi, ila kazi hiyo ni ya wiki kadhaa na nyie mnashuka siku ya sita au ya saba. Panda kwa ajili ya picha bwana, na upande polepole.